Bata Asiye na Umbo: Mhusika na Usemi Wake katika Filamu ya Duck Amuck

Katika uhakiki wetu wa fasihi neno 'mhusika' limetumiwa kwa muda mrefu kana kwamba maana yake ni bayana kwa kila mtu. Mwanafunzi huambiwa ataje wahusika wa riwaya, aorodheshe sifa zao, kisha aamue kama fulani ni bapa au ni duara. Maneno hayo mawili tuliyarithi kutoka kwa E. M. Forster, aliyeyaeleza katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1927, nasi tumeyatumia mpaka yamechakaa. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: mhusika hukaa wapi? Je, yumo katika umbo alilopewa na msanii, yaani kimo chake, mavazi yake na makunyanzi ya uso wake? Yumo katika matendo yake? Au yumo katika namna yake ya kusema? Mhakiki asiyekuwa na jibu la swali hili hana haki ya kumtoza mwanafunzi alama kwa kukosa kutaja sifa tano badala ya nne.

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji, kwani kazi tuliyoichagua si riwaya wala tamthilia. Ni filamu fupi ya katuni, ya dakika saba hivi, iitwayo Duck Amuck, iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. ya Marekani tarehe 28 Februari 1953. Mwelekezi wake ni Chuck Jones, na hadithi iliandikwa na Michael Maltese. Niliitazama mara ya kwanza nilipokuwa masomoni ng'ambo, wakati ambapo nilitakiwa kusoma nadharia nzito za usimulizi, na nakiri kuwa dakika hizo saba zilinifunza mengi kuliko baadhi ya vitabu nilivyokuwa nimebeba. Wenzetu wa Marekani hawaichukulii kuwa mchezo wa watoto tu. Mwaka 1999 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi jinsi kazi za namna hii zilivyotengenezwa, kwa kuwa hoja yetu inategemea jambo hilo. Katuni ya mkono ilianza kwa michoro ya penseli juu ya karatasi, kila mchoro ukitofautiana kidogo tu na ule uliotangulia. Michoro hiyo ilinakiliwa kwa wino juu ya vipande vya plastiki ionyayo, ikapakwa rangi kwa upande wa nyuma, ikawekwa juu ya picha ya mandhari, ndipo ikapigwa picha moja baada ya nyingine. Sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24. Kwa hiyo yule tumwonaye akiruka na kugomba si kitu ila mstari wa wino na rangi iliyokauka. Mandhari ni karatasi moja na mhusika ni karatasi nyingine. Lugha yetu imelipata jambo hili vizuri kwa neno uhuishaji: kitu kisicho hai kimehuishwa. Filamu ya Jones inafanya kinyume. Inamchukua aliyehuishwa na kuanza kumfuta.

Mhusika ni bata mweusi, jina lake Daffy. Anaingia akiwa amevaa kama askari wa mfalme wa Ufaransa wa zama za panga, anarusha upanga huku na huku, na kwa ghafla mandhari ya ngome inakwisha. Daffy anajikuta akipigana mahali peupe, pasipo ardhi wala mbingu. Anarudi, anachungulia, na kwa sauti ya chini anamwomba yeyote anayehusika alete mandhari. Brashi inatokea na kuchora shamba. Daffy anaingia na upanga wake, anatambua kosa, anaondoka, anarejea akiwa mkulima mwenye jembe. Lakini kabla hajafika mbali shamba limegeuka nchi ya theluji. Anakwenda kuvaa nguo za baridi, naye akirudi anakuta kisiwa cha joto chenye minazi. Anabadili tena. Halafu kila kitu kinatoweka, na anapoanza kumweleza mchoraji kwa adabu kwamba katuni huwa na mandhari, kifutio kinakuja na kumfuta yeye mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha filamu nzima. Skrini ni nyeupe kabisa. Hakuna bata, hakuna vazi, hakuna mdomo. Kisha inasikika sauti ikiuliza, kwa hasira, mwenyewe yuko wapi.

Tutazame lugha yetu ingelieleza vipi tukio hili. Kisarufi, kilichobaki ni sauti, na sauti ni nomino ya ngeli ya i-/zi-. Tungepaswa kusema kwamba sauti inauliza. Lakini nimewaeleza watu kadhaa tukio hili kwa Kiswahili na kuwataka wanisimulie tena, na hakuna hata mmoja aliyesema 'inauliza'. Wote walisema 'anauliza'. Upatanisho wa kisarufi ulikataa kumfuta bata ambaye kifutio kilikuwa kimekwisha kumfuta. Wanaisimu watasema kwamba jaribio la watu wachache si utafiti, nami nakubali. Hata hivyo, nadhani hapa sarufi ya msemaji wa kawaida imetoa hukumu ya kihakiki iliyo sahihi. Mhusika hajaondoka. Aliyeondoka ni mchoro wake.

Msomaji aliyekulia katika hadithi za pwani hatashangazwa na jambo hili hata kidogo. Nani kati yetu ajuaye pua ya Abunuwasi ilikuwa ya namna gani? Mrefu au mfupi, mnene au mwembamba, msimulizi hatuambii, na hatujapata kumdai. Hata hivyo Abunuwasi akifungua kinywa mbele ya sultani tunamtambua kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Mshairi wa Baghdad aliyeitwa Abu Nuwas, aliyeishi katika karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, huenda asimtambue mwenziwe huyu wa Unguja na Lamu. Sisi tunamtambua, kwa kuwa anajulikana kwa jinsi anavyojibu. Fasihi simulizi, kwa hiyo, ilikwisha kulijibu swali letu zamani. Ni sisi wa vyuo vikuu tuliokwenda kuazima ubapa na uduara, tukasahau kuwa msimulizi alikuwa akijenga mhusika kamili bila kumpaka rangi.

Lakini tusikimbilie kusema kuwa mhusika ni sauti tu. Jones na Maltese ni wajanja kuliko hivyo, nao wanaijaribu hoja hiyo mara tu baada ya kuitoa. Daffy anachorwa upya akiwa na gita. Anapiga nyuzi: kimya. Anainua kibao chenye maandishi kuomba sauti. Sauti inaletwa, lakini gita linatoa mlio wa bunduki, na baadaye mlio wa punda. Anapotaka kulalamika, kinywani mwake unatoka mwiko wa jogoo, kisha kelele za wanyama wengine. Hapa umbo lipo na sauti imenyang'anywa. Je, mhusika amepotea? La hasha. Tunamwona akiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, aibu imemshika; na hatimaye sauti inaporudi ghafla, anajikuta akipiga ukelele kwamba hajapata kudhalilishwa namna hiyo maishani mwake. Kilichohifadhiwa katika hali zote mbili, ya sauti bila mwili na ya mwili bila sauti, ni kitu cha tatu ambacho nitakiita hulka: namna maalumu ya kupokea pigo. Daffy akipigwa hujikusanya, hutengeneza heshima yake, hukubali masharti mapya, halafu hupandwa na hasira kwa kuwa masharti yamebadilishwa tena. Usemi ndio mlango mkuu ambamo hulka hiyo hutokea, lakini si nyumba yote.

Ndiyo maana sioni kuwa kuna sehemu iliyo dhaifu katika mateso yanayofuata, ingawa kwa juu juu ni vichekesho vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Anaomba rangi, anapakwa yeye mistari na madoadoa. Anafutwa tena mpaka yabaki macho na mdomo. Anarudishwa akiwa kioja cha miguu minne, kichwa kikiwa ua na mkiani pana bendera, naye hajui mpaka aletewe kioo. Anaomba picha yake isogezwe karibu, inasogezwa mpaka hakuonekani ila macho yaliyojaa mishipa myekundu. Kati ya yote hayo, tukio la maana zaidi kwa hoja yetu ni lile la filamu kukwama baina ya picha mbili. Mstari mweusi unaikata skrini kwa upana, na Daffy wanakuwa wawili, mmoja juu na mmoja chini. Wana umbo moja, sauti moja, historia moja. Wanafanya nini? Wanagombana, na wanakaribia kupigana ngumi. Hulka hii ni ya Daffy kiasi kwamba hawezi kumvumilia hata Daffy mwenzake. Sijui mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa ngapi kulionyesha jambo hilo. Hapa limetimizwa kwa sekunde chache.

Wapo watakaosema kwamba nguvu ya filamu hii haiko kwa mhusika bali katika ufundi wake wa kuvunja kanuni, yaani msanii kuingilia kazi yake na kazi kumjibu msanii. Hoja hii ina wafuasi wengi, hasa miongoni mwetu tuliosoma ng'ambo, ambako kila kazi inayojitaja yenyewe husifiwa kabla ya kusomwa. Lakini ufundi huo haukuwa mpya mwaka 1953. Winsor McCay alizungumza na dinosa wake Gertie jukwaani mwaka 1914, na ndugu wa Fleischer, kuanzia mwaka 1918, walitengeneza mfululizo wa filamu ambamo mchekeshaji anatoka ndani ya chupa ya wino na kusumbuana na mchoraji wake aliyepigwa picha akiwa mtu halisi. Tena yuko shahidi mwingine aliye karibu zaidi. Mwaka 1955 Jones na Maltese walirudia ufundi uleule katika filamu iitwayo Rabbit Rampage. Safari hii anayeteswa na brashi ni sungura Bugs Bunny. Brashi ni ileile, kifutio ni kilekile, na waundaji wakuu ni walewale. Hata hivyo kazi hiyo haifiki hata magotini mwa ya kwanza, na sababu yake haifichiki. Bugs ni mtulivu. Hulka yake ni kumshinda adui bila kutoa jasho. Ukimvua utulivu huo umemwondoa yeye, na kinachobaki kwenye skrini ni mchoro wa sungura unaosumbuliwa. Kama ufundi ndio uliokuwa siri, filamu ya pili ingefaulu sawa na ya kwanza.

Sasa tugeukie waundaji. Desturi ya wahakiki ni kumtaja Jones peke yake, kana kwamba alikuwa mwandishi mwenye kalamu moja. Jones, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 2002, alikuwa msanii mkubwa, na sina nia ya kumpunguzia sifa. Lakini Daffy hakuzaliwa mikononi mwake. Alitokea kwanza mwaka 1937 katika filamu ya Tex Avery, na wakati huo alikuwa bata mwenda wazimu tu, arukaruka na kuchekacheka bila sababu. Ni katika miaka ya baadaye ambapo Jones na Maltese walimgeuza kuwa mwenye wivu, mwenye tamaa na mwenye kuipenda nafsi yake kupita kiasi. Sauti aliipewa na Mel Blanc, aliyempa kithembe maarufu, kisha mafundi wakaiharakisha sauti hiyo kwa mitambo ili iwe nyembamba. Mandhari zinazobadilika na kutoweka zilibuniwa na Maurice Noble, zikapakwa rangi na Philip De Guard. Muziki unaomcheka Daffy kila anapobadili vazi ni wa Carl Stalling. Wachoraji wa mwendo waliotajwa ni Ken Harris, Ben Washam na Lloyd Vaughan. Hao ndio waliobahatika kuandikwa. Wale walionakili kila mchoro kwa wino na kuupaka rangi, kazi ambayo katika studio za Marekani za wakati huo ilifanywa zaidi na wanawake, hawakutajwa hata mmoja. Filamu inayoonyesha brashi mara nyingi kiasi hiki, brashi inayoning'inia bila mkono, haina jina la hata mtu mmoja aliyeshika brashi hizo za kila siku. Sidhani kuwa Jones alikusudia maana hiyo. Ipo, hata hivyo, na mhakiki hana budi kuisoma.

Jambo jingine ambalo wahakiki hulipita haraka ni kwamba katikati ya malalamiko yake Daffy anakumbusha kuwa amekuwa akiutimiza mkataba wake. Watazamaji hucheka. Miezi michache tu baada ya filamu kutolewa, mwaka huohuo wa 1953, kampuni ililifunga idara lake la katuni kwa kuwa ilidhani filamu za kutazamwa kwa miwani maalumu ndizo zitakazotawala soko, na wasanii wakaachishwa kazi. Jones mwenyewe alikwenda kufanya kazi kwa Walt Disney kwa miezi kadhaa mpaka idara ilipofunguliwa tena. Hivyo wenye kifutio hawakuwa wao.

Nimalizie na suala la tafsiri, ambalo kwetu sisi walimu wa Kiswahili ndilo lenye manufaa ya moja kwa moja. Tuseme tunataka kumsemesha Daffy Kiswahili. Kithembe chake kitatutatiza mara moja. Kwa Kiingereza, kuigeuza s kuwa th ni kasoro ya ulimi tu, na hadhira huicheka. Kwetu sauti hizo mbili ni fonimu mbili, na samani ikigeuka thamani tumekwisha kuhama kutoka kwa viti na meza. Aidha, wengi wa wasemaji wa bara huigeuza th kuwa s; anayefanya kinyume chake, akatia th pasipo mahali pake, huchukuliwa kuwa mtu anayejitia upwani. Wapo watakaoliona hili kuwa kikwazo, nami naliona kuwa zawadi. Daffy ni mtu wa kujikweza. Kithembe kingeacha kuwa kasoro ya kinywa na kuwa kasoro ya tabia, jambo ambalo lugha ya asili haikuweza kulifanya.

Shida kubwa zaidi, na yenye utamu zaidi, ni namna anavyomwita yule asiyeonekana. Mwanzoni ananong'ona, kama mwigizaji anayemkumbusha fundi wa jukwaa bila kutaka hadhira isikie. Hapa Kiswahili kingetaka 'bwana' na 'tafadhali'. Halafu linaingia 'wewe' kavu, na baadaye matusi dhidi ya kipaji cha mchoraji. Skrini inapoporomoka kama turubai jeusi na kumfunika, akalichanachana, anabadili mbinu: sasa ni 'ndugu yangu', sasa ni suluhu, kila mtu ashike njia yake. Kila daraja la heshima katika lugha yetu lingetumika ndani ya dakika saba, kupanda na kushuka. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa 2 maneno ya Daffy yaliyotafsiriwa hivyo, bila jina wala picha, nikawataka waandike sifa za msemaji. Hakuna aliyeniuliza kama ni bata. Walimwandika mtu mwenye majivuno, mwepesi wa kukata tamaa na mwepesi zaidi wa kuirudisha, mwoga ajifanyaye jasiri. Mmoja aliandika kwamba ni mjomba wake.

Mwishoni, baada ya ndege kugonga mlima, na mwavuli wa kushukia kugeuzwa kuwa fuawe, na fuawe kuwa kombora, Daffy anadai kwamba anayemtesa ajitokeze na kujitaja. Mlango unachorwa na kufungwa mbele ya uso wake. Picha inarudi nyuma, na juu ya meza ya kuchorea tunamwona Bugs Bunny, penseli mkononi, akiungama kwa furaha ubaya wake. Hadhira ya Marekani ya mwaka 1953, nadhani, ilishtuka. Nilipowaonyesha filamu yenyewe wanafunzi wangu baada ya zoezi lile, darasa zima lilipiga kelele kabla uso haujaonekana, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukisia ni nani. Nilipowauliza wamejuaje, walinitazama kana kwamba mwalimu wao hakulelewa na bibi: atakuwa nani tena, mwalimu, kama si Sungura?